Spika yako ni nzima, mdogo wangu

Usiipeleke kwa fundi hapo Chikongola, utaliwa hela bure. Unadhani imeharibika, kumbe ni hiyo albamu unayoipiga, Psychocandy, inayokwaruza hivyo kwa makusudi. Jim na William Reid, ndugu wa Scotland wenye bendi ya The Jesus and Mary Chain, waliitoa 1985, magitaa yakiachwa yapige mluzi mpaka masikio yawashe. Ila chini ya kelele hizo kuna nyimbo fupi, tamu, za mtindo wa miaka ya 60. Ule wa kwanza, "Just Like Honey", unaanza na mapigo ya ngoma ya "Be My Baby" ya The Ronettes, 1963. Zipige hizo mbili zikifuatana, utacheka mwenyewe. Nusu ya pili ya albamu hunichosha kidogo, sikufichi. Na vaa hedifoni, punguza trebo, zile sauti kali za juu. Kwenye spika ya bajaji utaambulia mvumo tu.