Ramadhani Inapokaribia, Pita Kliniki Kwanza

Kila Shaabani ikifika, wenzangu tunaoishi na VVU hapa Wete huniuliza: nifunge, au dawa hazitaki? Wengine hawaulizi, wanaacha tu kumeza mpaka Iddi, na hao ndio wanaonitia wasiwasi zaidi. Virusi havifungi nawe. Ukiacha dawa mwezi mzima vinazaliana upya, na vikishakuwa sugu, dawa ile ile huenda isikufae tena.

Mimi nafunga. Kidonge chetu, kile chenye tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri kwa pamoja, ni kimoja kwa siku, wala hakilazimu kumezwa mchana. Muuguzi wa kliniki alinishauri nikihamishie usiku, wakati ule ule kila siku. Nimechagua baada ya futari. Daku sikuitaka, maana usingizi hauna ahadi, lakini adhana ya magharibi haimpiti mtu. Tabu ni nyumba kujaa: mashemeji, wifi, watoto wa jirani, wote jamvini. Kwa hiyo naweka vidonge vichache kwenye kichupa kisicho na maandishi, kinachofunga barabara, nakificha kwenye mkunjo wa kanga ya kuswalia. Nameza nikiingia ndani kujitayarisha kwa tarawehe. Siuonei haya ugonjwa wangu, ila habari yake nampa nimtakaye.

Sasa kiungulia. Baada ya sambusa na bajia watu hukimbilia dawa za dukani, na zile zenye magnesiamu au alumini huizuia dolutegraviri isiingie mwilini sawasawa. Meza kidonge chetu cha VVU masaa mawili kabla ya dawa hizo za kiungulia, au masaa sita baada ya kuzimeza. Mjamzito anayepewa vidonge vya kuongeza damu aulize apange vipi. Anayetibiwa kifua kikuu kwa rifampisini huhitaji dolutegraviri mara mbili kwa siku, basi huyo asijipangie mwenyewe hata kidogo. Mwambie daktari kila unachomeza, na miti shamba pia.

Uliyeanza dawa karibuni na mwili bado dhaifu, kula. Dini imempa mgonjwa ruhusa, atalipa siku nyengine.

Ukivuka kwenda Unguja kula Iddi, chukua dawa za kutosha na kadi yako. Na tarehe ya kupima wingi wa virusi ikiangukia ndani ya mwezi, nenda. Kwa sisi Mashafi, kutolewa damu ya kipimo hakubatilishi saumu.