Maswali ya wasomaji: kufurahi na kuridhika kwa Kiingereza

Barua za wiki hii kutoka Arusha na Moshi zimeangukia jambo moja, nalo ni namna ya kumweleza mtu kwa Kiingereza kwamba umefurahi au umeridhika. Kiswahili kinatuzoesha kuchukua vitenzi vichache, kama kufurahi, kuridhika na kupendezwa, kisha kuvinyumbua kadiri ya haja. Kiingereza kina maneno mengi, na kila neno lina mahali pake. Ukilipeleka pasipo pake, sarufi itakuwa sahihi lakini msikilizaji atakunja uso.

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mhudumu wa hoteli hapa Moshi. Mgeni mmoja alitualika wafanyakazi chakula cha jioni, akataka kuniongezea wali, nikamjibu "I am satisfied". Alinitazama kama niliyemtolea hukumu. Nilikosea wapi?

Jibu: Marahaba. Sarufi hukuikosea. Ulichofanya ni kutafsiri "nimeshiba", kama tunavyofanya wengi wetu katika Afrika Mashariki, na ndiyo maana ukilisema neno hilo mbele ya Mtanzania mwenzako hakuna atakayeshtuka. Kwa Mwingereza, hata hivyo, "satisfied" ni neno la mtu aliyekipima kitu akaona kimefikia kiwango: mteja anayechukua gari lake gereji, mwalimu mkuu aliyemaliza kukagua madaftari, au hakimu aliyesikiliza ushahidi ukamwingia akilini. Ukilitamka mezani unakuwa kama mkaguzi wa jiko la watu. Mimi mwenyewe nililitumia kwa miaka mingi, hadi siku moja mama wa Kiingereza aliyekuwa amenipikia alipoweka mwiko mezani akaniuliza, "Only satisfied?", yaani umeridhika tu, basi? Niliomba kuongezewa viazi ambavyo tumbo halikuwa na nafasi navyo.

Kwa marafiki sema "I'm full". Mbele ya mtu wa kuheshimiwa sema "I've had plenty, thank you", kisha usiache kukisifu chakula chenyewe: "it was delicious". Ukipenda kujua asili yake, "satisfy" limetokana na maneno mawili ya Kilatini, "satis", yaani kiasi cha kutosha, na "facere", yaani kufanya. Ni ndugu wa kutosheka kwetu, ambako nako kumezaliwa na kutosha.

Swali: Mwanangu wa kidato cha pili ameleta ripoti, na kwenye somo la Kiingereza imeandikwa "Satisfactory". Nikampongeza na kumnunulia soda. Mwalimu wa darasa ananiambia hapakuwa na cha kupongeza. Je, kuridhisha si sifa?

Jibu: Soda imekwisha kunywewa, tuiache. Katika madaraja ya mtihani wetu wa kidato cha nne, A ni "Excellent", B ni "Very Good", C ni "Good", na D, yaani alama 30 hadi 44, ndiyo "Satisfactory". Chini yake imebaki F peke yake. Kwa hiyo neno hilo linamaanisha kwamba mtoto amevuka mto, lakini maji yalikuwa shingoni. Si kwetu tu lilikochakaa namna hiyo. Nchini Uingereza, Ofsted, ofisi inayokagua shule, ilikuwa ikiziita shule za wastani "satisfactory" hadi mwaka 2012, ilipoliondoa neno hilo na kuweka mahali pake maneno yanayosema kwamba shule inahitaji kuboreshwa. Wazazi wa huko nao, nadhani, walikuwa wamelipokea kama sifa. Usilichanganye na "satisfying", ambalo ni sifa kweli: kazi ngumu iliyokamilika ni "satisfying", na mlo wa ndizi na nyama baada ya siku nzima shambani ni "satisfying" pia.

Swali: Sisi ni kamati ya sendofu huku Njiro. Mchapaji ametuletea sampuli ya kadi yenye maneno "are pleasure to invite you". Mjumbe mmoja anasema ni sawa, mwingine anasema ni aibu. Tuamue vipi?

Jibu: Aliyesema ni aibu ameshinda, na kwa kuwa mmeletewa sampuli tu, hamjachelewa. "Pleasure" ni nomino, yaani furaha yenyewe, na watu hawawezi kuwa furaha kumwalika mtu. Andikeni "are pleased to invite you", au "have the pleasure of inviting you". Mkitaka kadi ya heshima zaidi, ya mtindo wa zamani, kuna "request the pleasure of your company", ambayo maana yake ni kwamba familia inaomba ipewe furaha ya kuwa pamoja na mgeni. Mimi naipenda hii ya mwisho kwa sababu inamfanya mwalikwa kuwa ndiye mtoaji, na kwa sherehe zetu, ambapo kadi hutanguliwa na ahadi ya mchango, sioni kama inapotoka sana.

Kwa kuwa barua nyingine tatu zinauliza tofauti ya "pleased" na "pleasing", nizijibu hapahapa. Kiswahili kinapoweka kiambishi cha kusababisha, Kiingereza huweka "-ing": habari inafurahisha ni "the news is pleasing", huduma inaridhisha ni "the service is satisfying". Mimi niliyefurahi au kuridhika ndiye ninayechukua "-ed". Kijana aliyeandika katika barua ya kuomba kazi "I am very pleasing to apply" amemwambia mwajiri kwamba yeye anapendeza sana kwa kuomba kazi hiyo. Huenda ni kweli, lakini angeacha waliomsaili walitamke wenyewe.

Swali: Mwalimu, naongoza wageni Mlima Kilimanjaro. Juzi pale Uhuru Mwingereza mmoja alisema "I'm chuffed to bits", na mwenzake, nilipomuuliza safari imekuwaje, akajibu "not bad at all". Huyu wa pili nilimkosea nini?

Jibu: Hukumkosea chochote. "Not bad" kinywani mwa Mwingereza ni sawasawa na "si haba" yetu: maneno machache, sifa kubwa. Akisema "not bad at all" akiwa amesimama mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, na midomo imepasuka kwa baridi, amekusifu. Neno la kuogopa ni "quite good". Kwa Mwingereza mara nyingi ni sifa iliyopoa, nzuri kiasi tu, ilhali Mmarekani akisema "quite good" huwa anaongeza sifa wala hapunguzi. Kwa hiyo kabla hujafurahi au kununa, kumbuka kwanza mgeni ametoka wapi.

"Chuffed" ni neno la mazungumzo la Uingereza, na lina furaha iliyochanganyika na fahari ya kufanikiwa. "To bits" imeongeza uzito. Mmarekani kijana pale kileleni angeweza kusema "stoked". Yaelewe yote mawili, lakini usiyaandike katika barua pepe za ofisi.

Swali: Kati ya "glad", "happy", "pleased" na "delighted", lipi ni kubwa zaidi?

Jibu: "Delighted", tena limeshajaa kiasi kwamba "very delighted" husikika vibaya, sema "absolutely delighted". Herufi "gh" katikati yake, inayowatesa wanafunzi, haikuwapo tangu mwanzo. Iliingizwa karne ya 16 kwa kufuatisha "light". "Glad" huhitaji sababu: "I'm glad you came". "Happy" hutosha peke yake, na linatokana na "hap", yaani bahati, ambalo limo pia ndani ya "happen" na "perhaps". Mtu "happy" wa zamani alikuwa mtu mwenye bahati.

Swali: Nauza vinyago karibu na Mnara wa Saa. Mteja akisema "thank you" nami hujibu "welcome". Rafiki yangu anasema nijibu "with pleasure". Nani yuko sahihi?

Jibu: Nyote mmekaribia. "Welcome" peke yake ni karibu ya mlangoni. Anayeshukuriwa husema "you're welcome". "With pleasure" hutangulia kazi: mteja anakuomba umfungie kinyago katika gazeti, nawe unajibu "with pleasure" huku ukianza kufunga. Akishapokea kifurushi na kushukuru, ndipo unaposema "my pleasure".