Kabla hujamkatia mpiga piano tiketi ya ndege, funua piano

Juzi msomaji mmoja wa Jinja kaniandikia: "Dada, nataka kuleta wapiga piano wa kimataifa, mmoja mmoja, kila mtu na jioni yake. Nianze na viza au na tiketi ya ndege?" Nikacheka, halafu kicheko kikaniishia. Mwaka jana nilijiuliza swali hilohilo, na kulijibu vibaya kulinila akiba niliyoweka ya kununulia kiwanja.

Anza na piano, mdogo wangu. Piano kwanza.

Msimu wetu ulikuwa wa jioni nne hapa Kampala, katika ukumbi wa kukodi wenye paa la mabati na piano kubwa ya zamani. Msimamizi wa ukumbi aliniapia kwamba iko sawa kabisa. Sikuifunua. Nilibonyeza vibonyezo vitatu nikiwa nimesimama, mkoba begani, nikasikia sauti inatoka, nikatia saini.

Mgeni wa kwanza, kijana wa Kipolandi, alikuja Aprili. Aprili! Mimi mzaliwa wa nchi hii, ninayejua mvua kubwa huanza Machi hadi Mei, nikapanga muziki wa kunong'ona chini ya mabati mwezi wa Aprili. Alipiga sonata, yaani kipande kirefu chenye sehemu kadhaa, ya mtunzi Schubert iitwayo D. 960, ile aliyoimaliza Septemba 1828, miezi miwili hivi kabla hajafa. Inaanza taratibu kama wimbo wa kanisani, kisha mkono wa kushoto unashuka chini kabisa na kutetemesha noti moja, kwa sauti ndogo mno, kama radi iliyo mbali. Sehemu hiyo hatukuisikia. Mvua ilikuwa imeshapanda jukwaani.

Hata hivyo mvua ningeisamehe. Dakika ya kumi hivi, kibonyezo kimoja cha katikati kilishuka na hakikurudi. Yule kijana akawa anakinyanyua kwa ukucha kila apatapo nafasi, kama mtu anayebandua kupe kwenye sikio la ng'ombe, huku mkono wa pili ukiendelea. Sonata ile ni dakika arobaini. Nilikaa mstari wa pili nikizihesabu zote.

Tulikuwa watu 41 kwenye viti 200. Sehemu ya kwanza ilipokwisha watu walipiga makofi, mama mmoja akageuka akawatolea "sss!" kwa hasira, maana desturi ya muziki huu ni kungoja hadi sehemu zote ziishe. Wakaogopa. Sonata ilipokwisha kweli, kijana kasimama kainama, ukumbi kimya, kila mtu anamtazama yule mama apate ruhusa. Nataka kusema hili mara moja: acheni watu wapige makofi. Vienna mwaka 1813, Simfoni ya Saba ya Beethoven, kipande cha okestra, ilipopigwa mara ya kwanza, watu waliidai sehemu ya pili irudiwe palepale, na Beethoven hakuvunjika mguu.

Mwenzangu niliyeanza naye alijitoa kesho yake, kwa ujumbe wa sauti wa sekunde kumi na nne. Nimeshasamehe. Sekunde nazikumbuka tu.

Ndipo nikamtafuta fundi, mzee mmoja mpole anayetembea na mfuko wa kitambaa. Alifungua skrubu, akavuta vibonyezo vyote 88 pamoja na nyundo zake, vikatoka kwa mpigo mmoja kama droo ya kabati. Ndani: vumbi, penseli mbili, na mende waliokauka. Akanionyesha kijitundu kilichoko chini ya kile kibonyezo, ambamo hupita pini ya chuma. Tundu limezungushiwa kitambaa cha sufu, na kitambaa kilikuwa kimenywa unyevu kikavimba, kikaishika pini. Akakiminya kwa koleo dogo, akabonyeza, kikarudi. Dakika mbili. Dakika mbili, jamani!

Kisha akanieleza kwa nini piano ile ilisikika chungu. Chini ya nyuzi, ambazo ni kama 230, upo ubao mpana wa sauti. Hewa ikiwa na maji ubao huvimba, hutuna, huzisukuma nyuzi na sauti hupanda. Ikikauka, ubao hulala na sauti hushuka. Na haipandi sawasawa, katikati huenda kivyake. Akafunga chini ya piano fimbo ya umeme ya kupasha joto kidogo, iwake usiku na mchana, akasema nyuzi za piano zisawazishwe sauti wiki moja kabla, kisha tena asubuhi ya siku yenyewe, baada ya kusukumwa mahali pake. Yaani piano kwanza, na tena piano.

Mpiga fidla huja na fidla yake. Mpiga piano huja na vidole tu. Na jioni ya mtu mmoja haina pa kujificha: tangu mpiga piano Liszt alipoanza kuita matamasha yake resitali, yaani tamasha la mpigaji mmoja, huko London mwaka 1840, hakuna mwimbaji wa kupokezana naye wala bendi ya kumfunika. Kibonyezo kikikwama, aliyekwama ni yeye. Nyinyi mnaohangaikia jina kubwa kwenye bango, bango haliguswi na mtu saa moja usiku. Kinachoguswa ni piano.

Jioni ya pili na ya tatu zilipita salama, sina la kusimulia. Ya nne niliiweka Julai, na nikamwomba mgeni aseme maneno mawili kabla ya kila kipande. Watu 163. Mwenzangu wa sekunde kumi na nne alikaa mbele kabisa.

Nami nilimleta baba. Nilikulia Bombo, kambini, na mzee alipiga trombono katika bendi ya jeshi hadi anastaafu. Kwake muziki usio na hatua za kuandamana ni mapambo. Alisinzia vizuri kwenye muziki wa Bach. Lakini ilipofika sehemu ya mwisho ya Sonata ya Saba ya Prokofiev, ile ya mapigo saba-saba, yanayohesabiwa mbili-tatu-mbili, haipumziki hadi mwisho, nilimwona kafumbua macho. Kidole kikaanza kugonga gotini. Mara ya kwanza kikapotea. Mara ya pili kikapotea. Mara ya tatu kikaingia, kikakaa humohumo mpaka noti ya mwisho.

Makofi yalipotulia akaniinamia.

"Huyu mzungu wamemkata mguu mmoja," akasema, "na bado anaandamana." Kisha akauliza nimemlipa kiasi gani. Nilimtajia fedha ya fundi.