Saa 3 usiku hadi saa 7 usiku? Futa hiyo ratiba leo

Hapana, mkuu. Umeuliza uchukue kozi ipi na cheti gani huku ukiwa kazini, ukaweka na ratiba yako: kusoma saa 3 usiku hadi saa 7, kisha uamke saa 11 alfajiri uwahi kazini? Ifute kabla hujalipia kozi yoyote.

Kwenye karatasi unaona masaa 4 kila siku. Sasa hesabu vizuri. Aliyeamka saa 11 alfajiri, ikifika saa 4 usiku ana masaa 17 macho. Hali hiyo imepimwa: umakini hushuka hadi kukaribia wa mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu, kiwango ambacho nchi nyingi haziruhusu ushike usukani. Na wewe bado una masaa 3 ya kitabu mbele yako! Utarudia ukurasa uleule, utapaka rangi kila mstari, utalala ukijiona msomi. Halafu mambo mapya hukaa kichwani ukiwa umelala, kwa hiyo ukibakiza masaa 4 ya usingizi unatupa kilekile ulichokikeshea. Wiki ya kwanza mori utakubeba. Baadaye ni tarakimu kukosewa kazini, hasira za bure, na Jumamosi nzima kitandani. Ukiulizwa, utasema umeshazoea. Hujazoea, umesahau tu ukiwa mzima unakuwaje.

Waliokujaza huo ujinga nawajua. Ni wale wa video za dakika moja, "wenzako wanakesha, wewe umelala". Kazi yao ndiyo hizo video! Hakuna bosi anayewasubiri saa 2 asubuhi. Basi niishie hapo, presha yangu nayo inahitaji kupumzika.

Kwenye ratiba andika kwanza masaa 7 ya usingizi, halafu kazi. Masomo yapewe kinachobaki. Lala saa 4, amka saa 11 hiyohiyo, kaa mezani dakika 40 kabla ya kugusa simu. Hapo weka kigumu: hesabu, kuandika, mazoezi. Usiku uliotangulia acha kitabu wazi kwenye swali la kwanza, la sivyo dakika 10 zitaishia kutafuta ulipofikia. Mchana chukua dakika 15, funga kitabu, andika unachokumbuka, ndipo ufungue usahihishe. Kilekile kirudie kesho, baada ya siku 3, kisha baada ya wiki. Ebbinghaus, mwanasaikolojia Mjerumani aliyejipima kumbukumbu mwenyewe, alishaonyesha mwaka 1885 kwamba sehemu kubwa ya tulichokariri hupotea mapema kabisa. Kwa siku 5 za kazi, ukiongeza masaa 2 ya Jumamosi, wiki ina masaa 6 na nusu hivi ya kichwa kilicho macho.

Mambo ya kozi ipi na cheti gani wengine watakujibu.

Ukikosa asubuhi moja, imepita. Usiifidie usiku, maana ukilala saa 7 na asubuhi ya kesho nayo imekwenda, na kufikia Ijumaa umerudi kwenye ratiba yako ya mwanzo bila kujua.