Ukiiona alama mtaani, subiri mtu apite

Bango la tangazo lilishatungwa, likachapwa, likatundikwa kabla hujafika na kamera yako. Ukilipiga picha lilivyo, umenakili kazi ya aliyelitunga. Ni hivyo hivyo kwa bendera, sanamu, mshale wa barabarani au mwanasesere aliyevalishwa suti kwenye dirisha la duka. Vitu hivi husema jambo jipya pale tu anapotokea mtu mbele yake, ana shughuli zake, wala hana habari navyo. Ndiyo maana huwa namshauri anayeanza kupiga picha za mitaani aache kukimbizana na watu. Atafute alama kwanza, kisha asimame.

Tazama picha ya mpigapicha Mfaransa Henri Cartier-Bresson ya mwaka 1932, nyuma ya stesheni ya Saint-Lazare jijini Paris. Mwanamume anaruka dimbwi la maji, na wengi husifu wepesi wa mpigapicha kumnasa akiwa hewani. Mimi jicho langu huenda ukutani, kwenye bango lenye mchezaji dansi aliyeruka karibu vilevile. Bila bango hilo tungebaki na mtu anayekwepa kulowana. Kwa sababu ya bango, mji mzima unaonekana kama unacheza.

Kwa upande wa mitambo sina maneno mengi. Lenzi ya milimita 35 kwenye kamera ya fremu kamili (yenye kihisi kikubwa cha mwanga), tundu la kupitishia mwanga likiwa f/8, kasi ya shata (muda ambao mwanga unaingia) sekunde 1/500 kama mwanga unaruhusu, na fokasi, yaani umbali ambao kitu kinatoka safi, niliyoifunga mapema kwenye mita 3. Hapo kila kilicho kati ya mita 2 na 7 hivi kinatoka safi, nami nabaki na kazi moja tu, kutazama. Simu nayo inafaa.

Kigumu ni kujua unasubiri nini. Kufanana kwa mtu na alama, kama kule Paris, huonekana kwa urahisi, na kunachosha haraka: mwenye mwavuli mwekundu mbele ya ukuta mwekundu hupendeza, halafu basi. Mimi huvutwa zaidi na mgongano. Mshale unaelekeza kushoto, umati wote unakwenda kulia. Tangazo linaahidi mapumziko, na chini yake mtu amesinzia amesimama.

Lakini mgongano una nguvu kuliko tunavyodhani, na hapa naomba tutulie kidogo. Mwaka 1937 Margaret Bourke-White alipiga picha Louisville, Marekani, baada ya Mto Ohio kufurika. Watu weusi wamepanga foleni kusubiri msaada. Juu yao bango kubwa linaonyesha familia ya wazungu ikitabasamu ndani ya gari, na maandishi yanajivunia kiwango cha juu kabisa cha maisha duniani. Ni picha isiyosahaulika. Hata hivyo, watazamaji wengi wameichukulia kuwa foleni ya watu walioishiwa wakati wa Mdororo Mkuu wa uchumi wa miaka hiyo, na mafuriko yakasahaulika. Alama iliyameza. Kwa hiyo siku ileile unayopiga, andika mahali, tarehe na kilichokuwa kikiendelea. Picha yenye alama nzito isiyo na maelezo itasomwa vyovyote anavyotaka msomaji.

La pili ni heshima. Mtu aliyelala kando ya barabara chini ya tangazo la nyumba za kifahari ni picha inayojipanga yenyewe, na mimi siipigi. Yeye hakuchagua kulala pale ili awe hoja yangu. Mpigapicha Gordon Parks alifuata njia nyingine mwaka 1942 jijini Washington. Alikutana na Ella Watson, msafishaji katika jengo la serikali, akazungumza naye kuhusu maisha yake, ndipo akamsimamisha mbele ya bendera ya Marekani akiwa na ufagio na kitambaa cha kupigia deki. Kisha akaendelea kumpiga picha nyumbani kwake na kanisani.

Mtaani si kila mara utapata nafasi ya kuzungumza. Ukiipata, zungumza. Usipoipata, sogea hatua mbili mbele, ili uso wa mtu uwe mkubwa kuliko maandishi yaliyo nyuma yake.