"Mashujaa weusi hawauziki": niliyoyaona nyuma ya kaunta

Mkuu mleta uzi, umeuliza kama ni kweli vitabu vya katuni vya mashujaa weusi, Waislamu na Walatino haviuziki, ukaweka na ile kauli ya mwaka 2017 ya kigogo wa mauzo wa Marvel, kampuni kubwa ya vitabu vya katuni, kwamba wenye maduka wanasema wateja wamechoshwa na mchanganyiko wa mashujaa wa asili mbalimbali. Nimefanya kazi miaka kadhaa kwenye duka la katuni hapa Marekani, na jambo hili linaniuma, kwa sababu takwimu zenyewe watu wanazisoma vibaya.

Yale "mauzo" ya toleo la kila mwezi si idadi ya wasomaji walionunua. Ni nakala zilizoagizwa na maduka. Mwenye duka anaagiza miezi kadhaa kabla kitabu hakijatoka, akiwa ameona jalada na maelezo mafupi tu, na kwa kawaida kisichonunuliwa hakirudishwi. Hasara ni yake. Bosi wangu alikuwa akikaa na katalogi nene ya mwezi, kalamu mkononi. Kwa Batman hakufikiri mara mbili. Akimfikia shujaa mgeni, mweusi au mwenye jina la Kiarabu, anaandika nakala mbili: moja ya rafu, nyingine ya mteja aliyekwisha kuiomba. Jumatano mzigo unaingia, kabla ya adhuhuri zimekwisha, na watakaokuja jioni wanaondoka mikono mitupu. Kwenye takwimu tumeuza mbili. Wale wa jioni hawahesabiwi popote.

Mtazame Kamala Khan, binti Mwislamu wa Jersey City ambaye wazazi wake wametoka Pakistani. Marvel walimpa kitabu chake, Ms. Marvel, Februari 2014, na toleo la kwanza likarudi mtamboni hadi chapa ya 7. Kitabu hakifiki huko kama maduka yaliagiza cha kutosha tangu mwanzo. Kwetu walionunua walikuwa mabinti na mama zao, watu ambao hawakuwa na mazoea ya kuingia dukani mle. Wengi walisubiri mkusanyo, yaani matoleo kadhaa ndani ya kitabu kimoja, wakaununua kwenye maduka ya kawaida ya vitabu. Mkusanyo huo wa kwanza ulishinda tuzo ya Hugo 2015, tuzo kubwa ya hadithi za kisayansi na za njozi. Fedha ile haimo kwenye orodha ya kila mwezi aliyokuwa akiisoma bosi.

Sasa linganisha na Black Panther, shujaa mweusi wa Marvel aliyekuwepo tangu 1966. Ta-Nehisi Coates alipoanza kumwandika Aprili 2016, maduka yaliagiza toleo la kwanza zaidi ya nakala 250,000. Wenye maduka ni walewale! Safari hii mwandishi alikuwa na jina kubwa magazetini na matangazo yalikuwa kila mahali, basi hofu ikaisha.

Sikatai kwamba vingine vilikuwa dhaifu, na ile tabia ya kampuni kuanza upya mfululizo na namba 1 kila mara iliwachosha hata wateja wetu waaminifu. Lakini mwaka 2017 habari za kufutwa kwa Black Panther and the Crew, mfululizo mwingine wa mashujaa weusi, zilitoka wakati matoleo mawili tu ndiyo yako rafuni. Kiliishia toleo la 6. Mkusanyo wake ulikuwa bado haujatoka, kwa hiyo wasomaji kama wale wa Kamala hawakuwa wamepata hata nafasi ya kununua.