Pima mteremko kwanza, theluji baadaye

Wanaoanza kutembea kwenye milima yenye theluji, nje ya njia zinazolindwa, huniuliza: nitajuaje kama theluji hii ni salama? Mimi huwauliza: mteremko una nyuzi ngapi? Maporomoko ya theluji yanayoua zaidi ni yale ambayo bamba zima la theluji hukatika na kuteleza kwa pamoja, na mengi hutokea kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45. Theluji hubadilika kutwa kucha, lakini pembe ya mlima unaweza kuisoma kwenye ramani ukiwa bado nyumbani, kisha ukaihakiki kwa simu ukifika. Tazama na juu yako pia. Ukipita bondeni pakavu, tambarare kabisa, huku mteremko wa nyuzi 38 umekuinamia, hauko salama, kwa sababu bamba linaweza kukatikia huko juu kwa uzito wako wa huku chini.

Hatari yenyewe imefichwa ndani. Usiku wa anga wazi na upepo umetulia, jalidi huota juu ya theluji, fuwele pana zinazong'aa asubuhi. Zinapendeza, nami huzitazama kwa wasiwasi, maana theluji mpya ikizifunika hubaki tabaka dhaifu kwa wiki kadhaa. Kuna na aina nyingine: theluji ikiwa haba na baridi kali, mvuke hupanda kutoka chini penye joto na kugeuza chembe kuwa kubwa zenye pembe. Zichote kwa glavu uzibane: hazishikani donge, zinachuruzika kama sukari. Bamba zito juu ya tabaka la namna hiyo linangoja tu uzito wa mtu.

Ndiyo maana huwa nachimba shimo. Natenga nguzo ya theluji yenye upana wa sentimita 90 na sentimita 30 kutoka mbele hadi nyuma, naweka beleshi juu yake upande mmoja, kisha nalipiga mara 10 kwa kiganja kutoka kwenye kifundo cha mkono, 10 kutoka kwenye kiwiko, 10 kutoka begani. Ufa ukitokea na kukimbia hadi upande wa pili wa nguzo, sipandi. Usipotokea, bado sijapewa ruhusa, kwa sababu mita chache pembeni, hasa karibu na miamba ambapo theluji ni nyembamba, hali inaweza kuwa nyingine kabisa.

Zipo dalili zisizohitaji beleshi. Theluji ikinguruma na kushuka chini ya miguu yako, nyufa zikikimbia kutoka ulipokanyaga, au ukiona poromoko la karibuni kwenye mteremko unaotazama upande huohuo, geuka. Usisubiri dalili ya pili. Upepo nao unadanganya wengi: unaweza kurundika theluji nzito upande wa pili wa ukingo bila hata chembe moja kudondoka kutoka angani.

Soma taarifa ya hatari ya siku hiyo, neno kwa neno. Kipimo kina ngazi 5, na watu huichukulia 3 kama wastani. Si hivyo. Katika ngazi ya 3 mtu mmoja anaweza kuangusha mteremko, na katika ajali nyingi za vifo poromoko liliangushwa na marehemu mwenyewe au mwenzake.

Vifaa ni vitatu, kila mtu na vyake: kifaa cha kutuma na kupokea mawimbi ya redio ili aliyefukiwa apatikane, ufito mrefu wa kudungia theluji kumtafuta, na beleshi la chuma. Aliyefukiwa ana dakika 10 hivi kabla nafasi yake ya kuishi haijaanza kuporomoka, kwa hiyo watakaomwokoa ni mliokuwa naye. Vukeni mteremko mmoja mmoja, wengine wakimtazama kutoka mahali salama. Na kabla ya kuondoka, kila mmoja apite mbele ya mwenzake kifaa kikiwa kimewashwa; cha mmoja kisiposikika, wote wanasubiri.